Shahada ya Saikolojia Mtandaoni: Kinachokosekana si Mhadhara

Anayetangaza kwamba amejiandikisha kusoma shahada ya kwanza ya saikolojia kwa njia ya mtandao huulizwa na walio karibu naye swali linalostahili jibu la makini: inawezekanaje somo linalohusu watu lisomwe mbali na watu? Wanaouliza hivyo humwona akilini mwanafunzi aliyejifungia chumbani, akitazama mihadhara iliyorekodiwa na kujaza majibu ya kuchagua, na baada ya miaka mitatu au minne akatoka na cheti kinachodai kwamba anaijua tabia ya binadamu. Watetezi wa elimu ya mtandaoni nao hujibu upesi kwamba mhadhara ni mhadhara, uwe wa ukumbini au wa kwenye kioo cha kompyuta, na kwamba vitabu ni vilevile. Naona pande zote mbili zinabishania jambo lisilo na uzito mkubwa, kwa sababu mhadhara ndio sehemu ya shahada hii inayosafiri kwa urahisi kuliko zote. Kilicho kigumu kusafirisha ni kusahihishwa, yaani kuwapo kwa mtu mwingine, mjuzi na mwenye subira, anayeona namna mwanafunzi anavyofikiri kuhusu watu na kumwonyesha alipokosea kabla kosa halijawa mazoea. Programu ya mtandaoni inayolitimiza hilo inaweza kuwa sawa na ya darasani au hata kuizidi, na isiyolitimiza haiokolewi na ubora wa video zake.

Kusahihishwa kuna uzito wa pekee katika saikolojia kwa sababu ya jinsi makosa ya fani hii yalivyo. Mwanafunzi wa hisabati akikosea, hesabu yenyewe humkatalia, na mwanafunzi wa uprogramu akikosea, programu haifanyi kazi. Maelezo yasiyo sahihi kuhusu tabia ya mtu, kinyume chake, huweza kumridhisha kabisa anayeyatoa, na hata anayeelezwa. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la kupima haiba, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo aliyodai kuwa yametokana na majibu yake binafsi. Maelezo hayo yalisema, kwa mfano, kwamba msomaji anahitaji sana kupendwa na wengine, kwamba ana uwezo mkubwa ambao bado hajautumia, na kwamba kwa nje anaonekana mwenye kujitawala ilhali kwa ndani ana wasiwasi. Forer akawaomba wapime usahihi wa maelezo hayo kwa alama kuanzia 0 hadi 5, na wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maandishi yaleyale, ambayo sentensi zake nyingi Forer alikuwa amezichota kwenye kitabu cha unajimu.

Waliokubali maelezo hayo walikuwa wanafunzi wa saikolojia, na hilo ndilo linalonishughulisha zaidi. Kusomea tabia ya binadamu hakukuwakinga. Kila anayeingia katika fani hii anakuja na nadharia zake tayari, alizozipata kwa wazazi, kwa marafiki, katika mahusiano yaliyomwendea vizuri na yaliyomwendea vibaya, na nadharia hizo zina nguvu kwa sababu zimeishi naye. Wahenga husema kuishi kwingi ni kuona mengi, na ni kweli, ila utafiti wa kumbukumbu na wa hukumu zetu unaonyesha kwamba mengi tunayoyaona tunayaona kwa jicho la tulichokwisha kuamini. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff alionyesha kwamba watu wakishaambiwa matokeo ya tukio, huyaona matokeo hayo kuwa yalitarajiwa tangu mwanzo, wala hawatambui kwamba kujua mwisho wa habari kumebadilisha makadirio yao. Mwanafunzi anayesoma peke yake kila sura ya kitabu cha saikolojia na kusema moyoni "hilo nililijua" yumo katika mtego huohuo, na hakuna kitufe katika mfumo wa masomo kitakachomtoa humo.

Ndiyo maana shahada iliyopangwa vizuri haimfundishi mtu "kusoma" watu, hata kama matangazo ya vyuo hupenda kuahidi hivyo. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, tukio linalohesabiwa kuwa mwanzo wa saikolojia kama sayansi ya majaribio, kazi kubwa ilikuwa kupima: muda wa kuitikia sauti, uwezo wa kutofautisha hisi, mipaka ya uangalifu. Hermann Ebbinghaus alijitumia mwenyewe kama mshiriki pekee wa utafiti, akakariri silabi zisizo na maana kwa miaka, na mwaka 1885 akachapisha vipimo vya jinsi mtu anavyosahau, haraka mwanzoni kisha polepole. Hadi leo uti wa mgongo wa shahada hii ni mbinu za utafiti na takwimu, zikifuatiwa na misingi ya kibiolojia ya tabia, utambuzi, ukuaji wa mtoto hadi uzeeni, saikolojia ya jamii, tofauti za watu binafsi na magonjwa ya akili. Wengi waliotarajia mazungumzo kuhusu hisia hushtuka muhula wa kwanza wanapokutana na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi takwimu zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani. Mshtuko huo una faida, maana takwimu ndiyo lugha ambayo fani hii inaitumia kujisahihisha.

Na takwimu, pamoja na majaribio ya utambuzi, zinafundishika mtandaoni vizuri sana. Chukua jaribio maarufu ambalo John Ridley Stroop alilichapisha mwaka 1935. Mshiriki anaonyeshwa neno "nyekundu" lililoandikwa kwa rangi ya bluu, na kazi yake ni kutaja rangi ya wino huku akilipuuza neno lenyewe. Anakawia, kwa sababu kusoma kumekuwa mazoea yasiyosubiri ruhusa. Zamani jaribio la namna hii lilihitaji chumba, vifaa na ratiba ya washiriki. Sasa mwanafunzi anaweza kulitengeneza nyumbani kwa programu za bure kama PsychoPy au jsPsych, akawatumia watu kiungo wakalifanya kwenye kompyuta zao, na kabla ya siku kwisha akawa na jedwali la mamia ya mistari, kila mstari ukiwa na muda wa jibu moja kwa milisekunde.

Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza, kwa sababu jedwali hilo huwa chafu. Mistari mingi ina muda wa milisekunde 600, 750, 820. Ghafla kuna mmoja wenye 14,000, pengine mshiriki aliitwa na mtu akaondoka mezani. Mshiriki mwingine amebonyeza kitufe kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila mara chini ya milisekunde 150, muda ambao hautoshi hata kuliona neno na kuamua. Je, mistari hiyo ifutwe? Ikifutwa, mpaka uwekwe wapi: 2,000, 3,000, au mikengeuko mitatu kutoka kwenye wastani? Mwanafunzi hugundua kwamba tofauti aliyoitafuta, ya muda kati ya maneno yanayolingana na rangi ya wino na yasiyolingana nayo, inaonekana wazi akiweka mpaka mmoja na inafifia akiweka mwingine, na kwa moyo mweupe kabisa hujikuta akiona sababu nzuri za kuchagua ule unaompa matokeo. Mwalimu anayefaa mshahara wake humwuliza swali moja tu: uamuzi huu uliufanya kabla ya kuyaona matokeo au baada yake? Swali hilo linaweza kuulizwa kwa barua pepe, kwa video au ana kwa ana, lakini lazima awepo wa kuliuliza, na lazima awe amelifungua jedwali la mwanafunzi huyo na kulitazama.

Upande wa kukariri na kukumbuka, mtandao una nafasi ambayo ukumbi wa mihadhara hauna. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 majaribio ambayo wanafunzi walisoma makala fupi. Katika jaribio la pili, kundi moja liliirudia makala mara nne, kundi jingine liliisoma mara moja kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokikumbuka. Dakika tano baadaye waliosoma tu walikuwa mbele. Wiki moja baadaye waliojipima walikumbuka asilimia 61 na wenzao asilimia 40. Mfumo wa mtandaoni unaweza kumpima mwanafunzi kila wiki, ukamrudishia maswali aliyoyakosa wiki iliyopita, bila kuchoka. Programu ya saikolojia inayorusha video za saa mbili bila maswali ndani yake inapuuza matokeo ya fani inayoifundisha.

Tatizo la kweli liko katika kuwasikiliza watu. Sehemu kubwa ya utafiti wa tabia hutegemea mahojiano, na nje ya utafiti, karibu kila kazi ambayo mhitimu wa shahada hii ataifanya itamdai asikilize. Tuseme wanafunzi wawili wamepangiwa zoezi kwa mkutano wa video. Mmoja anaeleza jinsi alivyoamua kubadilisha kazi, mwingine anamhoji kwa robo saa, na kwa ridhaa ya wote wawili mazungumzo yanarekodiwa. Baadaye mhoji anaandika kila neno lililosemwa na kila kimya kilichopita. Mahali fulani msemaji anasema, "Sikujua nianzie wapi," kisha ananyamaza. Sekunde mbili zinapita. Mhoji hawezi kuustahimili ukimya, anaingia: "Kwa hiyo uliogopa?" Msemaji anafikiri kidogo na kujibu, "Ee, labda niliogopa." Kuanzia hapo mazungumzo yote yanageuka kuwa ya hofu, na ripoti inayowasilishwa inasema kwamba mhojiwa alielezea hofu kama kizuizi kikuu cha uamuzi wake.

Neno hofu lililetwa na mhoji. Mhojiwa alilipokea kwa adabu, kama watu wengi wanavyopokea neno wanalopewa na mtu anayeonyesha kuwajali. Mwanafunzi anaweza kusoma kurasa thelathini kuhusu maswali elekezi, akapata alama zote kwenye jaribio la kuchagua majibu, na bado asilione swali elekezi lililotoka kinywani mwake mwenyewe, kwa maana alipolitoa alikuwa na nia njema na lilisikika kama huruma. Hulitambua siku mkufunzi anapoweka kidole kwenye mstari ule wa nakala na kumwuliza nani alitangulia kutaja hofu. Nimeona tofauti kati ya kazi zilizoandikwa kabla ya sahihisho la aina hii na zilizoandikwa baada yake, nayo ni kubwa: maswali yanafupika, ukimya unaachwa upite, na ripoti zinaanza kutenganisha alichosema mhojiwa na alichokielewa mhoji.

Kazi hii inawezekana kabisa mtandaoni, na kwa namna fulani ni rahisi zaidi, kwa kuwa kila kitu hurekodiwa. Ila ni ghali. Mkufunzi mmoja hawezi kupitia nakala za wanafunzi mia nne mstari kwa mstari. Chuo kinachotaka ada za maelfu ya watu na mishahara ya wachache kitabadilisha zoezi la mahojiano liwe insha kuhusu mahojiano, kisha insha iwe jaribio la kuchagua, na mwanafunzi hatajua alichonyimwa kwa sababu alama zake zitakuwa nzuri. Umbali wa kijiografia kati ya mwalimu na mwanafunzi unapunguzika, kama vyuo vya masafa vilivyothibitisha muda mrefu kabla ya intaneti: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Open University ya Uingereza ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 kwa posta, redio na televisheni, pamoja na wakufunzi waliosahihisha kazi kwa mkono na kuandika maelezo pembeni. Hayo maelezo ya pembeni ndiyo yanayofutwa kwanza gharama zinapopunguzwa.

Mihadhara iliyorekodiwa ina hatari nyingine isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni kuzeeka. Saikolojia imepitia muongo mgumu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimetoka katika majarida yanayoheshimika. Kati ya tafiti za awali asilimia 97 zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuelezwa na bahati tu, na ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizotoa matokeo ya namna hiyo. Mwaka uliofuata maabara 23 zilizokuwa na washiriki zaidi ya 2,000 zilirudia kwa pamoja jaribio la dhana iliyosema kwamba utashi wa mtu huishiwa nguvu unapotumika sana, dhana iliyofundishwa kwa karibu miaka ishirini kama jambo lililothibitika, na athari iliyopatikana ilikuwa karibu na sifuri. Jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971, ambamo vijana waliigiza walinzi na wafungwa, na ambalo Philip Zimbardo alilipanga kwa wiki mbili na kulisitisha baada ya siku sita, limesimuliwa kwa vizazi kama ushahidi kwamba cheo peke yake humgeuza mtu mwema kuwa mkatili. Rekodi za jaribio lenyewe zilipochunguzwa baadaye zilionyesha kwamba walinzi walielekezwa na kuhimizwa kuwa wakali. Hata kisa cha Kitty Genovese, aliyeuawa New York mwaka 1964 mbele ya mashahidi 38 wasiofanya lolote, kama vitabu vilivyosema, kilibainika kuwa kimesimuliwa vibaya. Idadi ile haikuwa na ushahidi, na wapo waliojaribu kusaidia.

Mhadhiri wa ukumbini hulazimika kila mwaka kusimama upya na kusema, na akisema jambo lililokwisha pingwa kuna uwezekano mwanafunzi mmoja akanyanyua mkono. Video haina aibu hiyo. Iliyorekodiwa mwaka 2012 itaendelea kufundisha kuhusu utashi unaoishiwa nguvu, kwa sauti ileile yenye uhakika, hadi mtu mwenye mamlaka na bajeti aamue kuirekodi upya. Kwa mwanafunzi aliye peke yake hilo ni pigo maradufu: anajifunza matokeo yasiyosimama, na anakosa somo kubwa zaidi la kizazi hiki katika fani yake, yaani namna watafiti walivyojikagua, wakakubali kuchapisha mipango yao kabla ya kukusanya data, na wakaanza kuweka data zao wazi. Ningependa kila programu ya mtandaoni imtake mwanafunzi wa mwaka wa pili achukue muhadhara mmoja wa zamani wa chuo chake na kuukagua kwa tafiti za karibuni, kisha maoni yake yawekwe chini ya video hiyo kwa watakaofuata.

Kuhusu kuacha masomo njiani, yapo mengi ya kusema na mengi yameshasemwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu kozi za wazi za Harvard na MIT kwenye jukwaa la edX ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya wote waliojiunga, wakati miongoni mwa waliolipia cheti kilichothibitishwa waliomaliza walikuwa asilimia 46. Kozi hizo si shahada na takwimu zake zisihamishwe ovyo, lakini zinakumbusha kwamba kufunguliwa mlango na kufika mwisho ni mambo mawili. Mwanafunzi wa saikolojia ana bahati ya kusoma kuhusu tatizo lake mwenyewe. Peter Gollwitzer ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba nia ya jumla kama "nitasoma zaidi" ni dhaifu kuliko mpango unaotaja wakati, mahali na tendo, kama vile "Jumanne nikimaliza kula usiku, nitaketi mezani nifungue sura ya nne," na uchambuzi wa pamoja wa tafiti 94 uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta mipango ya aina hiyo ina athari ya kati hadi kubwa. Mpango haumwondolei mwanafunzi upweke, hata hivyo. Upweke hupunguzwa na kundi dogo lenye siku na saa maalumu, ambamo mtu akikosekana kuna atakayeuliza yuko wapi.

Programu za akili mnemba zimeifanya hoja ya kusahihishwa iwe nzito zaidi. Insha kuhusu nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura ya kujifunza kwa kuwatazama wengine sasa inaweza kuandikwa na mashine kwa dakika moja, ikiwa na lugha safi na muundo unaopendeza. Vyuo vingi vimejibu kwa kutafuta namna ya kuwanasa wadanganyifu, na naona ni juhudi isiyo na mwisho mzuri. Jibu la maana ni kuhamisha uzito wa alama kwenda kwenye kazi ambazo mashine haina mkono ndani yake: mazungumzo ya dakika kumi na mkufunzi kuhusu uamuzi wa kufuta mistari kwenye jedwali, utetezi wa nakala ya mahojiano, uchunguzi wa tabia uliofanywa mahali halisi na kuandikwa kwa saa na dakika. Kazi hizo ndizo zilizotakiwa kuwa kiini cha shahada tangu mwanzo.

Lazima pia lisemwe bila kuzungusha kwamba shahada ya kwanza ya saikolojia, ya mtandaoni au ya darasani, haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba wala haimpi ruhusa ya kutibu. Marekani kwa kawaida hudai shahada ya uzamivu na leseni ya jimbo. Uingereza, anayetaka kuendelea hadi ngazi ya kitaaluma huhitaji kwanza shahada yenye ithibati ya British Psychological Society, kisha mafunzo ya ziada chini ya uangalizi. Nchi zinatofautiana, na mtu aulize mamlaka ya mahali anapokusudia kufanya kazi kabla hajalipa ada, maana programu iliyoko nchi nyingine inaweza kuwa halali kwake na isitambulike kwako. Mhitimu wa shahada ya kwanza anaweza kufanya kazi nzuri katika rasilimali watu, utafiti wa masoko na wa watumiaji wa teknolojia, elimu, huduma za jamii na uchambuzi wa data. Anayejitangaza mtandaoni kuwa tabibu wa akili kwa cheti hicho anahatarisha watu walio katika hali dhaifu kabisa, na chuo kilichomwachia aamini hivyo kina sehemu yake ya lawama.

Lipo eneo moja ambalo mwanafunzi wa mtandaoni anaweza kuipa saikolojia kitu ambacho wa chuoni hawezi. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichambua majarida sita makubwa ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani na kukuta kwamba asilimia 96 ya washiriki wa tafiti walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, zilizokuwa na asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walieleza kwa kirefu madhara yake: fani imekuwa ikizungumzia binadamu kwa kutegemea sehemu ndogo ya binadamu, mara nyingi vijana wa chuo wanaoshiriki ili wapate alama za kozi. Mfano wao mmoja ni picha ya mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja ukiwa na ncha za mshale zinazofunguka nje na mwingine zinazofunga ndani, ambapo wengi huuona mmoja kuwa mrefu zaidi. Ilidhaniwa kwamba macho ya kila mtu yanadanganyika hivyo kwa kiwango kinachokaribiana. Utafiti wa Segall, Campbell na Herskovits uliochapishwa mwaka 1966 ulionyesha kwamba jamii zinatofautiana sana, na katika baadhi yake udanganyifu huo karibu haupo.

Darasa la mtandaoni lina wauguzi wa zamu ya usiku, walimu, madereva, wazazi wanaolea wakiwa nyumbani, wastaafu. Kila mmoja ana watu wanaomwamini ambao hawatakanyaga maabara ya chuo kikuu maisha yao yote. Wanafunzi mia mbili wakifuata utaratibu mmoja uliosajiliwa mapema, yaani mpango uliowekwa wazi kabla ya kukusanya data, na kila mmoja akapata washiriki ishirini, jumla ni washiriki 4,000 wa umri, kazi na maisha tofauti, sampuli ambayo watafiti wengi waliobobea hawajawahi kuwa nayo. Masharti yake ni magumu. Kamati ya maadili lazima ipitishe utafiti kabla ya swali la kwanza kuulizwa, na ridhaa ya jamaa au mfanyakazi mwenzako ina utata wa pekee, kwa sababu ni vigumu kumkatalia mtu ambaye utamwona tena kesho. Dodoso lililojaribiwa kwa watu wa aina moja halina budi kujaribiwa upya kwa wengine. Mwanafunzi anayekaa na mshiriki mmoja na kumwomba aseme kwa sauti anavyolielewa kila swali anaweza kugundua kwamba swali la 7, lililokusudiwa kupima huzuni, linaeleweka kama swali la uchovu wa mwili. Akiliandika hilo na kulipeleka kwa mkufunzi, na wenzake kumi wakakuta vivyo hivyo kwa washiriki wao, swali hilo linaondolewa kwenye uchambuzi wa darasa zima na sababu zake zinaandikwa katika tasnifu kama matokeo kamili ya utafiti.